Nyumba ikikauka, ninyi safarini: mwongozo wa kukarabati nyumba ya tofali Mbeya, Iringa na Njombe

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua. Unaanza Novemba, unakatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha inafuata miezi sita mikavu, ikiwemo baridi ya Juni na Julai ambayo Makete na Njombe hugandisha umande majanini. Kazi ya nje ya nyumba haina miezi mingine. Safari nzuri nazo zinaitaka miezi hiyohiyo, ndiyo maana mume na mke wengi huahirisha kimoja ili kingine kifanyike: mwaka huu paa, Ruaha mwakani, na huo mwakani haufiki.

Vyote viwili vinawezekana mkijua siku gani nyumba inawahitaji. Siku ya kufunika kitu, msisafiri: bati linapofunika papi (mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake), plasta inapofunika mabomba ya umeme, udongo unaporudishwa mtaroni. Kikishafunikwa hamtakiona tena, na fundi akikosea mtalipia mara mbili. Siku za kukausha ni zenu. Mbao zinakauka wiki kadhaa, ukuta karibu mwezi, na kuketi mkiutazama hakuuharakishi.

Nyumba inayozungumziwa hapa ni ile ya kawaida ya mikoa hii: tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, msingi wa mawe usio na nailoni ya kuzuia unyevu, paa la bati, sakafu ya niru, na dari ambayo ama haipo au imeoza.

Machi na Aprili: kagueni mvua ikinyesha

Nyumba kavu inadanganya. Ukaguzi unaofaa hufanyika mvua ikiwa juu ya paa, na unataka watu wawili: mmoja juu kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) na tochi, mwingine chini na chaki na futi ya kupimia. Maji hayadondoki pale yalipoingia. Huingia kwenye tundu la msumari, hutembea chini ya bati, hushika papi au kenchi, kisha hudondoka mita moja au mbili mbele. Aliye juu afuate njia ya maji kurudi nyuma hadi kwenye tundu, ataje umbali kutoka kuta mbili, na wa chini aandike. Bila vipimo hivyo, fundi akipanda juani mwezi Juni ataziba tundu analoliona yeye.

Mvua ikikatika, tokeni nje. Mahali ambapo maji bado yametuama dakika 10 baadaye karibu na ukuta ndipo unyevu wa ndani unapotokea.

Nyufa nazo zisomwe. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa plasta tu. Ufa unaoshuka kwa ngazi ukifuata viungo vya tofali, hasa kutoka pembe ya dirisha, unasema msingi umekaa. Bandikeni donge la jipsamu juu ya ufa huo, mwandike tarehe juu yake. Donge likipasuka kabla ya Agosti, ukuta bado unatembea: mwiteni mhandisi au fundi mkuu wa ujenzi kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Mkitaka kubomoa ukuta au kuongeza chumba, mtahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Paa likidondosha maji alfajiri ya Juni, mvua ikiwa ilikwisha zamani, halivuji. Ni mvuke wa pumzi zenu na wa sufuria jikoni uliopanda ukakutana na bati baridi. Lami haiutibu. Unatibiwa na matundu ya hewa kwenye pembetatu za ukuta chini ya paa, mawili yanayotazamana, kila moja angalau sentimita 20 kwa 30, yenye wavu wa kuzuia popo.

Nyumba za zamani za serikali na za mashirika huweza kuwa na paa au dari ya asbesto, bodi ngumu za kijivu zinazofanana na saruji nyembamba. Msizikate, msizitoboe, msizifagie zikiwa kavu. Vumbi lake linaua mapafu. Ulizeni halmashauri utaratibu wa kuziondoa.

Mei: mbao kwanza

Mbao nyingi za huku ni za paina, kutoka msitu wa Sao Hill, Mufindi, na soko lake kubwa ni Mafinga. Zinauzwa zikiwa mbichi. Mbao mbichi ikipigiliwa leo itajikunja ikiwa tayari mahali pake, na kila kiungo cha dari kilicho chini yake kitapasuka. Nunueni mapema Mei, mzipange kivulini kwenye upepo, juu ya matofali, na kati ya safu na safu wekeni vipande vya unene wa sentimita 2.5 kila baada ya sentimita 60. Juu kabisa wekeni mawe ya kuzikandamiza.

Papi na mbao za dari za inchi mbili kwa mbili zinahitaji wiki 6 hadi 8. Badala ya kukisia, chagueni moja, itieni alama, muipime kila wiki kwa mizani ya dukani. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka. Mbao za paa ziwe zimetiwa dawa. Zile za kijani hutiwa chumvi za shaba, na mara nyingi ndani yake mna arseniki, kwa hiyo vipande vilivyobaki visiingie jikoni kuwa kuni wala visibanike nyama. Vifukieni.

Hizo ndizo wiki zenu za kwanza za kuondoka. Kwa walio Mbeya, Juni ni mwezi wa kushuka Matema. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ufukwe wa Ziwa Nyasa hauzidi 500, na tofauti hiyo mnaihisi mkifika Kyela tu: makoti yanavuliwa. Njia ni Uyole, Tukuyu, kisha mnaacha barabara ya Kyela kuelekea Ipinda na Matema. Chukueni chandarua na dawa ya mbu. Watu wa baridi husahau malaria, na Kyela haiwasahau. Vyungu vya Wakisi vinavyouzwa soko la Lyulilo, jirani na Matema, vinafaa kwa maji ya kunywa na kwa maua barazani. Vijazeni nyasi kavu ndani, mvifunge nje kwa majani ya migomba, na msivipange mdomo kwa mdomo garini.

Njiani ni rahisi kuongeza Ziwa Ngozi, kutokea Isongole, na Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira. Rungwe hunyesha hata miezi ambayo Mbeya ni vumbi tupu, kwa hiyo njia ya msituni kwenda Ngozi huteleza. Vaeni viatu vyenye meno, shikeni fimbo, mchukue kijana wa hapo awaongoze, na muanze asubuhi kabla ukungu haujafunika ziwa. Walio Iringa wana safari fupi zaidi: Isimila, karibu kilomita 20 njia ya Mbeya, kwenye zana za mawe na nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa nchini mwaka 1954. Zote mbili zinatosha siku moja, na jioni mko nyumbani mnapima mbao.

Mwisho wa Juni na Julai: paa

Kazi ya nyumba hushuka kutoka juu. Anayepaka rangi kabla ya paa atapaka tena.

Bati lenye kutu iliyotoboka libadilishwe zima. Kiraka cha lami na kitambaa hakidumu misimu mingi. Geji (kipimo cha unene wa bati) 28 inagharimu zaidi ya geji 30 lakini inavumilia kukanyagwa na mvua ya mawe. Kwa geji 30 papi zisipite umbali wa sentimita 75, kwa 28 mnaweza kufika 90. Papi iliyooza isitolewe kwa kung'oa paa zima: wekeni mpya kando yake na muipigilie kwenye kenchi.

Msumari unapita kwenye mgongo wa bati, kamwe usipite bondeni, na uwe na raba. Kwenye papi ya chini kabisa na ya juu kabisa pigilieni kila mgongo wa pili. Za katikati kila wa tatu. Pembeni bati lilalie jirani yake mgongo mmoja na nusu, na kwa urefu lilalie sentimita 15, au 20 kama paa limelala sana. Upepo wa huku una nguvu, hasa Agosti, kwa hiyo anzeni kupanga upande ambao upepo unaelekea, mrudi kuufuata unakotoka. Hivyo mdomo wa kila bati unaupa upepo mgongo. Tundu la zamani la msumari lisiachwe kwa kusogeza msumari pembeni. Tieni skrubu nene zaidi yenye raba pana kwenye tundu lilelile.

Gata ni nusu ya dawa ya unyevu, na watu huikata kwenye bajeti kwanza. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita 10 kwa 6 ni lita 60. Mvua ya milimita 20, ambayo Januari ni jambo la kawaida, inamwaga karibu lita 1,200 kwenye miguu ya kuta zenu ndani ya saa moja au mbili. Vishikio vya gata viwe kila sentimita 80 hadi 100, mteremko sentimita 1 kwa kila mita 3. Maji yaingie tenki, na ziada ya tenki ipelekwe mbali na nyumba. Tenki lisifurikie msingini, kama ilivyo kwa nyumba nyingi.

Unyevu wa kuta

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukuta unatoka chumvi nyeupe, rangi inababuka hadi usawa wa goti, mwenye nyumba ananunua rangi ya kuzuia maji na kupaka ndani. Baada ya msimu mmoja unyevu umefika kiunoni. Maji yanayopanda kutoka ardhini yalikuwa yakitokea kwenye plasta ya chini. Mkiiziba njia hiyo, yanapanda hadi pale yanapopata njia nyingine.

Dawa iko nje. Angalieni usawa wa ardhi ya nje dhidi ya sakafu ya ndani. Nyumba nyingi za zamani zimezikwa taratibu na udongo wa bustani na kifusi, hadi nje pakawa juu kuliko ndani. Chimbeni hadi ardhi iwe chini ya sakafu kwa angalau sentimita 15. Nyumba ikiwa kwenye mteremko, na huku ni nyingi, upande wa juu uchimbiwe mtaro wa upana wa sentimita 40 na kina cha 60, mita moja na nusu kutoka ukutani. Tandikeni kokoto chini, bomba lenye matundu juu yake, kokoto tena, na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita hadi mtaro utokee wazi upande wa chini. Msichimbe chini ya msingi, na msichimbe urefu wote kwa siku moja mkiuacha ukuta umeninginia. Vipande vya mita 3 kila kimoja vinatosha.

Kisha ng'oeni plasta ya ndani iliyobabuka, mpite juu ya alama ya unyevu kwa sentimita 50, muuache ukuta uchi hadi Septemba. Unasikitisha macho, lakini unakauka. Chumvi inayotoka ifagiliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inarudi ndani.

Agosti: umeme na mabomba, kwa haraka

Kuta zikiwa wazi ndio wakati wa kuchana njia za waya. Fundi awe na leseni ya EWURA, na mita ya LUKU isiguswe na yeyote asiye wa TANESCO. Waya wa taa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5. Hita ya bafuni ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 24, hivyo inataka waya wake peke yake wa milimita za mraba 4, au 6 kama njia ni ndefu, na breka yake ya ampea 32. Kuiunga kwenye waya wa soketi ndiko kunakoyeyusha swichi za bafuni mikoa hii yote. Ethi iwe ya kweli, fimbo ya shaba ardhini penye unyevu. Radi za huku hazina utani. Pigeni picha kila ukuta kabla haujafunikwa, futi ikionekana kwenye picha.

Fundi asisikie sauti mbili. Baba akisema soketi iwe hapa na mama akisema pale, fundi atafuata aliyesema mwisho na kuwalipisha wote wawili. Mmoja wenu atoe maagizo, mwingine ashike daftari na malipo, na mkitofautiana malizeni chumbani kabla ya kutoka. Vifaa nunueni wenyewe. Ufundi ulipwe kwa hatua zilizoandikwa: asilimia 30 kuanza, 40 katikati, 20 mwisho, na 10 inayobaki baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi anayekataa hiyo 10 amewaambia jambo kuhusu paa lake.

Septemba: plasta

Msipige plasta Juni na Julai mkiwa Njombe au Makete. Baridi ikikaribia nyuzi 5 saruji karibu inaacha kushika. Septemba pana joto la kutosha, ila pana upepo unaokausha plasta kabla haijashika, na hilo lina dawa.

Pimeni mchanga kwanza. Chukueni chupa isiyo na rangi, mchanga sentimita 10, maji yenye chumvi kidogo, tikiseni, acheni saa 3. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi milimita 8, mchanga uoshwe au urudishwe kwa mwenye lori. Saruji ikae juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani. Donge lisilovunjika kwa vidole maana yake saruji imeshaharibika.

Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, yaani pungufu kidogo ya ndoo mbili za lita 20. Kwa kipimo cha 1 kwa 5 unataka ndoo karibu 9 za mchanga, na kwa unene wa milimita 15 mfuko unafunika mita za mraba 9 hadi 10. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kina mita za mraba 34: mifuko 4 na ndoo 36. Ukuta uliojengwa kwa udongo haupendi plasta kali. Mgawo wa saruji 1, chokaa 1, mchanga 6 unapumua zaidi na haubanduki kama ganda.

Viungo vya tofali vikwanguliwe kina cha milimita 15 hadi 20, vifagiliwe, na ukuta uloweshwe jioni na asubuhi yake. Kisha rusheni uji mzito wa saruji 1 kwa mchanga 2, uache sura ya kukwaruza, ukae siku mbili. Ndipo plasta ipigwe. Ikizidi milimita 20 iwe mikono miwili. Pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani, na juu ya njia za waya, pigilieni wavu wa kuku kwanza. Plasta ya nje ikome sentimita 15 juu ya ardhi. Ikigusa udongo itanyonya maji kama utambi.

Siku 7 zinazofuata plasta inyunyiziwe asubuhi na jioni, na upande wa upepo ufunikwe kwa magunia yaliyolowa. Hizo si siku za safari, labda kama mna mtu wa nyumbani mnayemwamini na ndoo.

Baada ya siku hizo saba nyumba haiwahitaji kwa wiki tatu, na ni mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati Ruaha imekauka na wanyama wamejikusanya mtoni. Hifadhi iko kama kilomita 130 kutoka Iringa. Chukueni kitambulisho cha taifa, kwa sababu viingilio vya raia ni tofauti, na jiandaeni kulipa kwa simu au kadi, maana lango halipokei fedha taslimu. Jazeni mafuta Iringa mjini, gurudumu la akiba likaguliwe, na maji ya kunywa yawe lita 5 kwa mtu kwa siku. Mbung'o hufuata nguo za bluu na nyeusi, vaeni za rangi ya udongo. Usiku mbili au tatu zinatosha kuona mengi, na pesa ya rangi inabaki.

Mkirudi, bandikeni ukutani kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, mzibe kingo zote kwa utepe, mlale. Asubuhi kukiwa na matone ndani yake, rangi ingoje wiki nyingine. Ukiwa mkavu, praima mkono mmoja na rangi ya maji mikono miwili. Kwa nje mmalize kabla Novemba haijaingia.

Dari baada ya mvua za kwanza

Wengi hufunga dari mapema ili nyumba ionekane imekwisha. Ngojeni mvua mbili kubwa zilipime paa, ndipo mfunge. Kazi ya ndani haiogopi Desemba. Jipsamu ya milimita 9 ina kipimo cha mita 1.2 kwa 2.4, kwa hiyo chumba cha mita 3 kwa 4 kinataka bodi 5. Mbao zake ziwe kila sentimita 40, skrubu kila 20, viungo vya bodi vipishane. Bafuni na jikoni wekeni dari ya plastiki. Acheni mlango wa kupandia wa sentimita 60 kwa 60, na matundu ya hewa ya paa yabaki wazi.

Dari inaongeza joto kuliko kitu kingine chochote, pamoja na kuziba mianya ya madirisha kwa silikoni na kuweka raba chini ya mlango. Lakini nyumba iliyozibwa vizuri ina hatari yake. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Gesi yake haina harufu, na kila msimu wa baridi inaua watu usingizini. Mkitaka moto ndani, jengeni meko yenye dohani inayopita kilele cha paa kwa sentimita 60.

Januari na Februari, gundi ya viungo vya jipsamu ikikauka, Kitulo imechanua. Hifadhi hii ya mwaka 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, huota maua yake kati ya Desemba na Aprili, yaani katikati ya mvua. Kutoka Chimala mnapanda zile kona hamsini na saba kuelekea Matamba. Nendeni na gari la kuvuta magurudumu yote, na msianze kupanda mchana mvua ikiwa imeshaning'inia. Juu ni zaidi ya mita 2,600, kwa hiyo koti zito, mabuti ya mvua na soksi za akiba. Mwacheni mtu nyumbani wa kumwaga ndoo kama gata ikiziba majani, na namba ya fundi iwe karibu naye.